Maneno Chini ya Picha

Barking, 14 Januari 2025

Kaka Hamad,

Assalaam alaykum. Natumai nyote Wete hamjambo na kwamba masikio hayajazidi. Simu siku hizi ni kukutesa bure, unabaki kuitikia "naam, naam" kwa mambo usiyoyasikia. Nimeona bora nikuandikie, ukae na miwani yako usome kwa raha zako.

Nimefanywa jaji. Usicheke. Unaukumbuka Ukumbi wa Tivendale, kule Walthamstow, nilikokata tiketi miaka ishirini na mbili? Sasa una meneja mpya, Émilienne, mama wa Kinshasa, mwenye mikono ya kazi na mdomo wa haraka. Paa linavuja, viti vimetoboka, na wenye jengo wanataka kulifunga. Kwa hivyo amefufua maonyesho ya zamani ya kila mtu na lake: mwimbaji, halafu mwanasarakasi, halafu wa mazingaombwe, halafu mbwa. Raundi tatu, moja kila baada ya wiki tatu. Mshindi atazungushwa kumbi za nchi nzima kiangazi chote. Majaji ni wawili, mimi na Keyur, mwenye duka la vitu vitamu kule Kenton, na kura ya tatu ni makofi ya watazamaji. Émilienne aliniambia, "Wewe umeona kila uchafu uliopita katika jukwaa hili, nani atakudanganya?"

Nami nilidhani nimeuona wote. Jumamosi iliyopita alipanda bwana mmoja wa Romford, tumbo limemtangulia, akameza mayai kumi na mawili ya kuchemsha. Kisha akayarudisha, Kaka, moja moja, mazima, kwenye kikapu chenye utepe. Niliyaona yanang'aa kwa mate. Keyur alikuwa anakula mfuko wa chevda, vile vitafunio vya pilipili, akaukunja akautia mfukoni taratibu. Baada yake, mwanamke aliyewaoza mbwa wawili, bibi harusi na shela yake, na bwana harusi akamkojolea mtu wa safu ya kwanza. Yule mtu akapiga makofi! Halafu kijana aliyepiga wimbo wa taifa kwa kwapa. Watu wakasimama kwa heshima.

Nilitoka nikahisi nahitaji kuoga. Aliyenipoza roho ni mmoja tu, Bi Bhavini, wa miaka sabini na moja, anayerusha hewani miti mitano ya kusukumia chapati huku akisimulia ugomvi wake na mama mkwe. Hana taa, hana muziki. Mikono tu.

Wewe ulikuwa mtu wa jukwaa kabla hujawa mwalimu. Niambie, mtu anahukumu vipi vitu kama hivi bila kutapika?

Dadako,
Mwatima


Wete, 19 Januari 2025

Dada Mwatima,

Waalaykum salaam. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hilo la mayai nimelisoma mara mbili, na uji wangu nikauacha.

Nitakwambia tulichokuwa tukifanya katika kikundi chetu cha maigizo cha skuli. Usimtazame mtu anapopatia. Kila mtu anapendeza anapopatia. Msubiri akosee. Yule bibi wa miti ya chapati, siku moja mti utamponyoka. Hapo ndipo utajua kama ni msanii au ni mtu mwenye miti mitano. Na jengine: tazama anayecheka anachekea nini, na anayechekwa ni nani. Sisi tuliwahi kumuigiza mpika chai wa skuli, mlemavu wa mguu, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Alikuwa amesimama mlangoni na birika. Sijapata kuisahau sura yake, na nina miaka sitini na tisa.

Sasa habari njema. Munir amenirudia. Unajua alivyokuwa, mwezi mzima hatumi neno, nami nikajiambia kazi ya ofisi ya bima ni nyingi. Tangu Disemba ananiandikia kila wiki: "Baba, nitumie video. Kaa tu useme, sema chochote." Namuuliza niseme nini na hata sijisikii, ananijibu, "Hiyohiyo sauti yako ndiyo naitaka." Mwatima, nililia kidogo. Basi kila Ijumaa navaa kanzu iliyopigwa pasi, naweka simu juu ya kabati, nazungumza na mwanangu. Sijui napiga kelele au nanong'ona. Yeye anasema ziko sawa kabisa.

Ukimuona mwambie anavyopendeza na tai.

Kakako,
Hamad


Barking, 3 Februari 2025

Munir,

Simu yangu huipokei tangu juzi Jumamosi, kwa hivyo utasoma.

Katika orodha ya raundi ya pili kulikuwa na mtu anayeitwa "Prince Muni". Raundi ya kwanza kundi lake lilipanda Jumapili, siku ambayo sikuwepo. Nikasubiri mtu wa karata au wa moto. Ukatoka wewe, mtoto niliyekupokea uwanja wa ndege ukiwa na miaka kumi na tisa, nikakuvika sweta langu, ukalala chumba changu cha mbele miaka minne. Umevaa joho la dhahabu la dukani na kilemba cha Wahindi. Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu ulijikwaa hatua ya kwanza.

Halafu kitambaa cheupe cha sinema kikashuka, na juu ya kitambaa akatokea kaka yangu, mkubwa kama nyumba, amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

Nitakuandikia alichosema, maana mimi nilisikia, na pengine wewe hukusikia. Alisema: "Munir mwanangu, leo nimeamka na homa kidogo, ukiniona uso umevimba usishtuke. Jana nilikwenda kwa mama yako, nikang'oa majani kaburini, nikamwambia mwanao anakwenda kazini na tai. Sijui sauti yangu iko juu au chini, baba. Mimi siisikii. Ikiwa nakupigia kelele, nisamehe."

Na chini yake wewe uliandika kwa Kiingereza: "Mwanangu, nimekupatia mke. Ana miaka kumi na minne na meno saba. Jana nilikwenda kumkagua, nikamfungua mdomo kama punda. Usipomuoa nitakuja London na fimbo, nitakupiga mbele ya malkia."

Na aliposema "nisamehe" ukaandika "nitakuchinja". Hapo ndipo walipocheka kuliko kote. Mwanamke wa nyuma yangu alikuwa anapiga goti la mumewe kwa kicheko. Keyur, jaji mwenzangu, alifuta machozi.

Nimeona mtu akitapika mayai kwenye jukwaa lile, Munir. Nimeona mbwa wakifanya haja yao. Sijawahi kuona kitu kinachonuka kama ulichokileta wewe. Nilitia sifuri. Makofi yakakupitisha fainali.

Babako hajui. Nijibu kabla sijaamua kumwambia.

Shangazi yako


Walthamstow, 4 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa simu. Niliogopa sauti yako.

Naomba unielewe kidogo tu. Kule ofisini nakaa na simu sikioni saa nane kwa siku, na kila anayepiga ananiuliza jina langu mara tatu halafu anaomba azungumze na mtu mwengine. Nilipoanza jukwaa nilikuwa na mazingaombwe ya karata. Nilifanya mazoezi miaka miwili. Nikianza tu, watu wananyanyuka kwenda kununua bia. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia naangalia video ya Baba, wenzangu wakasikia ile sauti wakaanza kucheka. Sauti tu, shangazi, hata hawajui anasema nini. Wakaniambia, "Hiki ndicho kichekesho chako, wewe unahangaika na karata." Wiki iliyofuata nilijaribu, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii watu mia tatu walinitazama bila mmoja kuondoka. Hujui hiyo inavyokuwa.

Wao hawamjui Baba. Kwao ni mzee yeyote. Na Baba hatajua, hatumii mitandao, anasoma barua pepe tu. Mwenyewe alikuwa mchekeshaji. Nadhani angekuwa kijana angefanya hivihivi.

Lakini nimekusikia. Hilo la mama sikupaswa kuligusa. Nakuahidi, wallahi, video ile sitaipandisha jukwaani tena. Nina siku kumi na nane za kutengeneza kitu kingine. Nakuomba usimwambie. Utamuua bure.

Nakupenda, shangazi.
Munir


Barking, 6 Februari 2025

Kaka Hamad,

Raundi ya pili imepita salama. Bwana wa mayai ameongeza yakawa kumi na manane, na moja lilipasuka njiani, sitasema zaidi. Bi Bhavini amepita. Kulikuwa na mwengine amepita kwa makofi, kijana wa vichekesho, sikumpenda. Si wa kukuandikia.

Munir nimemuona. Ni mzima, amekonda kidogo.

Kaka, nina ombi. Hizi video unazomtumia, hebu pumzika nazo. Simu yake imejaa, na kazini wanamuonya akishika simu. Muandikie barua kama unavyoniandikia mimi. Maandishi yanadumu, na uandishi wako ni mzuri.

Usiniulize zaidi, fanya tu kwa ajili yangu.

Dadako,
Mwatima


Wete, 10 Februari 2025

Dada Mwatima,

Barua yako nimeipata, na nitakuwa mkweli, imenikaa vibaya.

Umekaa na Munir miaka minne, umemlea ukubwani, nakushukuru mpaka kufa. Lakini pengine ukikaa na mtoto wa mwenzio unaanza kumuona wako. Sikulaumu, Mungu hakukupa. Ila mwanangu ananiita, kwa mara ya kwanza tangu azikwe mama yake, na wewe unaniambia nipumzike kwa sababu simu imejaa? Nilifundisha watoto miaka thelathini na moja, Mwatima. Najua kisingizio kinavyoandikwa.

Hata hivyo umechelewa. Juzi ameniomba kitu kikubwa. Ameniomba nimuimbie ule wimbo ambao Zuhura, mama yake, alikuwa akimlazia. Sijauimba tangu alipokufa. Na huu uziwi, sina hata tuni. Nilifunga mlango, nikaimba wote, mpaka pale alipokuwa akitaja jina la mtoto. Nikaona kwenye simu mdomo wangu unapinda, nikataka kufuta. Nikasema la, mwanangu ameuomba, apewe. Nimemtumia.

Nisamehe kama maneno yangu ya juu ni makali. Ramadhani inakaribia, sitaki tuingie nayo.

Kakako,
Hamad


Barking, 24 Februari 2025

Kaka,

Ulikitambua kisingizio changu. Huu hapa ukweli, na ukimaliza kuusoma una haki ya kutoniita dada.

Yule kijana wa vichekesho niliyesema si wa kukuandikia ni Munir. Video zako anazionesha jukwaani. Anakuweka kwenye kitambaa kikubwa, na chini ya uso wako anaandika Kiingereza cha uongo, ili watu wadhani ndiyo unayoyasema. Ile ya kaburi la Zuhura aliigeuza mambo ya kumuozesha mtoto wa miaka kumi na minne. Nilimuandikia kwa hasira. Akaapa video ile haipandi tena, nikamuamini, nikakuficha. Na kweli, ile haikupanda. Alipandisha wimbo.

Sikujua barua yako ilikuwa inanionya nini. Nilisoma kuwa umemuimbia, nikalia kwa wivu kama ulivyosema, sikuunganisha. Mimi ndiye mjinga wa kwanza katika habari hii.

Jumamosi, saa tisa mchana, ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bi Bhavini alitangulia. Katikati ya hadithi yake mti mmoja ulimponyoka ukampiga kidole cha mguu. Akaruka kwa mguu mmoja, minne ingali hewani, akasema, "Mama mkwe, hata kaburini?" na akauokota bila kukatiza. Nilimpa kumi.

Kisha Munir. Akatangaza, "Leo baba yangu anaimba wimbo wa mapenzi." Ukatokea wewe. Uliimba, Kaka, na kwa hakika hukuwa na tuni, na hata hivyo nilimuona Zuhura amekaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto. Na chini maandishi yakaanza. Yanasema mzee anambembeleza mbuzi jike amfuate chumbani. Anamsifu kwato. Anamsifu mkia. Mdomo wako ulipopinda, pale kwenye jina, yakaandikwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono uliokwishatia udhu. Watu walikuwa wanapiga miguu chini. Mtu mmoja akaiga mlio wa mbuzi, wengine wakafuata, ukumbi mzima unalia kama mbuzi kwa wimbo wa mkeo.

Nilisimama nikashika maikrofoni ya majaji. Nikasema kwa Kiingereza changu hikihiki, "Zimeni. Huyu ni kaka yangu. Ni kiziwi. Anaimba wimbo ambao mkewe marehemu alimlazia huyu kijana aliyesimama hapa. Hakuna mbuzi. Hakuna neno hata moja la kweli hapo chini."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walidhani nimepangwa. Shangazi na buibui lake amenyanyuka kugomba, na lafudhi yake kama ya mzee wa kwenye kitambaa! Kila nilivyopandisha sauti ndivyo walivyozidi. Nikamgeukia Munir, nikamwambia kwa Kiswahili, "Waambie. Waambie mimi ni nani."

Akasema, "Shangazi, tafadhali, kaa chini."

Na hilo nalo wakalicheka.

Asiyecheka alikuwa Keyur. Kadi yake ilikwishaandikwa tisa. Akaninong'oneza, "Bi Mwatima, bibi yangu wa Kisumu alikuwa akisema 'lala mwanangu'. Nililisikia neno hilo pale. Nikajiambia nimesikia vibaya." Akaikata ile tisa akaandika sifuri, akaigeuza kadi juu chini kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Kwa hivyo Bi Bhavini ameshinda, kwa kura zetu mbili, na ukumbi ukatuzomea sote watatu.

Nilikwenda msalani nikatapika. Émilienne alinifuata mpaka huko. Nilidhani amekuja kunishika mgongo. Akasema, "Mwatima, kuna wakala hapo nje. Anawataka nyote wawili. Shangazi na mtoto wa kaka yake, kumbi ishirini." Nikamuuliza, "Umesikia nilichosema mle ndani?" Akasema, "Nimesikia. Lakini walicheka, Mwatima. Ukumbi huu haukucheka hivi miaka mitatu." Nikaosha uso nikapanda treni kurudi nyumbani. Ukumbi ule siuingii tena.

Munir sijaonana naye. Ameniandikia mstari mmoja: "Umeniharibia."

Hiyo ndiyo habari. Ningekwambia tarehe tatu, wimbo usingetumwa. Hilo ni langu, nimelibeba.

Mwatima


Wete, 27 Februari 2025

Munir,

Barua ya shangazi yako ilifika jana. Wimbo ulikuwa umetangulia siku moja. Mtu aliyekuwepo ukumbini ameurekodi, ukazunguka, ukafika hapa. Uko kwa kinyozi. Nilipoingia, simu ikawekwa chini ya taulo. Nikaomba nioneshwe. Kinyozi alikataa mara mbili. Ni mwanafunzi wangu, mara ya tatu hakuweza.

Nataka ujue nilichokiona. Mimi sisikii. Nilimuona mzee anachezesha midomo. Watu wote wa Wete walioitazama wamesikia wimbo wa mama yako, wakakuchukia, wakanionea huruma. Mimi peke yangu, katika mji mzima, sikupata wimbo. Nilipata maandishi yako tu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja na sikukosa hata neno. Hakuna kosa la tahajia. Nimekufundisha vizuri.

Niliitazama mara tatu. Mara ya tatu midomo ilianza kufuatana na maneno yako, nikaona kama kweli mzee yule anamtaka mbuzi. Nimetoka pale najinusa. Tangu jana sijaweza kuvaa ile kanzu.

Shangazi yako anasema ziko mbili. Nilizokutumia ni nyingi, lakini hizo mbili ndizo umezichafua. Sasa utafanya hivi. Utakaa na karatasi, utasikiliza, utaandika kila nilichosema, neno kwa neno, kwa mkono wako. Usiweke la kwako hata moja. Jirani yetu Hussam, aliye huko London, anakuja Wete katikati ya Ramadhani, mpe yeye. Sitaki barua pepe. Sitaki video. Usiniandikie kuwa ulikuwa utani.

Hamad bin Mbarouk


Walthamstow, 9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Ramadhani karimu.

Nimefanya ulivyosema. Imenichukua siku sita. Nilikuwa nimezitazama hizi video pengine mara mia, nikipima maandishi yaingie wapi na yatoke wapi. Nilikuwa naisikia sauti tu, pale inapopanda na pale inapokatika. Maneno niliyasikiliza wiki hii.

Wakala bado sijamjibu. Sitakudanganya katika hilo. Kazini wenzangu wameiona, sasa wananijua jina.

Haya ndiyo uliyosema.

Ya kwanza: "Munir mwanangu, leo nimeamka na homa kidogo, ukiniona uso umevimba usishtuke. Jana nilikwenda kwa mama yako, nikang'oa majani kaburini, nikamwambia mwanao anakwenda kazini na tai. Sijui sauti yangu iko juu au chini, baba. Mimi siisikii. Ikiwa nakupigia kelele, nisamehe. Kula vizuri. Baridi ya huko usiipuuze, vaa soksi mbili. Nina mengi, lakini nasahau nikiiona hii simu inanitazama."

Ya pili: hapa umeimba beti nne, nimeziandika nyuma ya karatasi hii kama zilivyo. Kwenye jina langu umesimama. Kisha umesema: "Mama yako alikuwa akifika hapa anakukuta umelala, hajapata kuumaliza hata siku moja. Mimi leo nimeumalizia. Mwanangu, nimekusamehe yote. Lala salama."

Mwisho.

Munir


Wete, 22 Machi 2025

Dada Mwatima,

Hussam alifika, na karatasi imefika. Kwanza yako na yangu. Yale niliyokuandikia kuhusu mtoto wa mwenzio, nayafuta. Ulinificha, nami nilikutukana, tumelingana, basi. Siku ile umesimama mbele ya ukumbi mzima wakakucheka kwa ajili yangu. Nimekifikiria kicheko hicho kuliko kile cha mbuzi.

Karatasi niliisoma baada ya alasiri, nimejifungia. Mwandiko wa Munir umeharibika, lakini ni wake. Ya kwanza ni yangu yote. Hata la soksi, nilikuwa nimelisahau, na nilipolisoma nikajijua. Kwa muda kidogo nilitoka kwenye ile harufu.

Kisha nikafika ya pili, mstari wa mwisho: "Nimekusamehe yote."

Mwatima, sikusema hivyo. Sihitaji masikio kulijua hilo, na wala usinisikilizie. Video ile niliirekodi mwanzoni mwa Februari. Wakati ule sikujua kuwa Munir amenikosea kitu. Alikuwa mwanangu aliyenirudia, anayetaka kusikia sauti yangu. Ningemsamehe nini? Mtu hamwambii neno hilo mtoto anayemuimbia alale. Amelitia yeye. Nimemuomba asiweke la kwake hata moja, na katika karatasi nzima ameweka moja, tena akaliweka mdomoni mwangu.

Nilitaka kuichana. Nilikasirika kuliko siku ya kinyozi, maana siku ile alinidanganya mbele ya wageni, na safari hii amenidanganya mimi mwenyewe. Nikaiweka, nikaswali, nikafuturu kwa maji na tende moja, nikairudia. Nikatazama namna lilivyoandikwa. Maneno mengine yote yamekimbia kwenye mstari. Hilo limeandikwa polepole, kila herufi imekandamizwa mpaka upande wa pili wa karatasi.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nimelikata kwa mstari mmoja, kama nilivyokuwa nikikata madaftari, na pembeni nimeandika: "Hili sikulisema." Nilikusudia kuishia hapo, nikakunja karatasi nimpe Hussam airudishe. Nikaikunjua. Nikaongeza chini yake:

"Ukitaka niliseme, njoo Wete usimame mbele yangu, uniombe polepole, nisome midomo yako."

Kakako,
Hamad